Punda Afe, Mzigo Ufike? Utulizaji wa Maumivu na Uuguzaji wa Farasi na Punda wa Kazi katika Afrika Mashariki

Ikisiri

Maarifa mengi yaliyopo kuhusu kutuliza maumivu na kuuguza wanyama wa jamii ya farasi yametokana na farasi wa mashindano na wa kupandwa katika nchi zenye hospitali kubwa za mifugo. Katika Afrika Mashariki, mnyama wa jamii hiyo anayebeba uchumi wa kaya ni punda. Makala haya yanaeleza namna maumivu yanavyotambuliwa, dawa zinavyofanya kazi, na majeraha ya kano, kwato na ngozi yanavyopona. Hoja inayotetewa ni kwamba punda hawezi kutibiwa kana kwamba ni farasi mdogo, na kwamba dawa inayotolewa bila pumziko huweza kumdhuru mnyama zaidi ya jeraha lenyewe. Sehemu ya mwisho inajadili maana ya hoja hii katika kanuni za dawa za mifugo, biashara ya ngozi za punda, na hifadhi ya ndege walao mizoga.

Utangulizi

Msemo “punda afe, mzigo ufike” hutumika kumweleza mtu anayetaka jambo lake litimie kwa gharama yoyote. Methali nyingine, “shukrani ya punda ni mateke”, humlaumu mnyama huyo kwa kutojua fadhila. Kwa mtaalamu wa tiba ya mifugo, semi hizi mbili zina ukweli ambao huenda waliozitunga hawakuukusudia. Punda huendelea kubeba mzigo hata akiwa ameumia, na teke lake mara nyingi ndiyo ishara ya kwanza ya maumivu ambayo binadamu huitambua. Hata hivyo, binadamu huyo huitafsiri kuwa ukaidi, na dawa ya ukaidi, kama ijulikanavyo, ni fimbo.

Farasi hawakuenea sana katika ukanda huu. Mbung’o na ugonjwa wa virusi uitwao maradhi ya farasi ya Afrika vimewazuia kustawi katika maeneo mengi. Waliopo ni wachache: farasi wa mbio katika uwanja wa Ngong jijini Nairobi, farasi wa polo, wa utalii, na wa baadhi ya vikosi vya usalama. Wanyama hao kwa kawaida huwa na daktari, zizi na chakula cha uhakika. Punda, ambaye asili yake ni punda mwitu wa kaskazini-mashariki mwa Afrika, yuko kwenye visima vya wafugaji, barabara za masoko, na vichochoro vya mji wa Lamu, ambako mawe, mchanga na saruji bado hupita mgongoni mwake. Si ajabu kwamba shirika la Uingereza la Donkey Sanctuary lilifungua kliniki ya punda huko Lamu mwaka 1987, miaka mingi kabla ya punda kupewa uzito wowote katika mipango ya mifugo ya eneo hili.

Kuna basi pengo kati ya mnyama aliyechunguzwa na mnyama anayefanya kazi.

Kuyatambua maumivu

Mnyama hasemi anapoumwa, na tiba yoyote ya maumivu huanza kwa kusoma mwili wake. Mwaka 2014 watafiti wa Ulaya walichapisha kipimo cha maumivu ya farasi kinachotegemea sura. Kipimo hicho kiliandaliwa kwa kuwatazama farasi waliohasiwa na huzingatia mambo sita: masikio yaliyokazwa kuelekea nyuma, macho yaliyofumbwa nusu, mkazo wa eneo lililo juu ya jicho, misuli ya kutafuna iliyotuna, mdomo uliobanwa huku kidevu kikijitokeza, na pua zilizokazwa. Kila kipengele hupewa alama, na jumla yake humsaidia mwangalizi kuamua iwapo dawa inahitajika au iwapo iliyotolewa imefanya kazi. Faida kubwa ya kipimo hiki ni kwamba hakihitaji chombo chochote. Mtu aliyefunzwa anaweza kukitumia akiwa amesimama kando ya zizi.

Kwa punda, kazi hiyo ni ngumu zaidi. Farasi mwenye msokoto wa tumbo hujigaragaza, hupiga ardhi kwa kwato, hutoka jasho na kugeuka kutazama ubavu wake. Punda mwenye tatizo lilelile anaweza kusimama tu, kichwa kikiwa chini, akijitenga na wenzake. Wakati mwingine huweka mdomo kwenye majani na kutafuna bila kumeza, mwenye punda akadhani anakula. Wataalamu hulieleza jambo hili kwa historia ya mnyama mwenyewe: katika nyika yenye simba na fisi, aliyeonyesha udhaifu ndiye aliyechaguliwa kuliwa. Vyovyote iwavyo, matokeo ni kwamba punda anapofikia kulala chini na kukataa kuinuka, ugonjwa huwa umekwenda mbali.

Kuchelewa huko kuna hatari nyingine isiyoonekana. Punda asiyekula kwa sababu ya maumivu huanza kuyeyusha mafuta ya mwili ili kupata nguvu. Mafuta hayo huingia katika damu kwa wingi kuliko ini linavyoweza kuyashughulikia. Ini na figo hushindwa, na mnyama aliyekuwa na jino bovu au kidonda cha kwato hufa kwa ugonjwa mwingine kabisa. Hali hii huwapata pia farasi wadogo wa aina ya poni, lakini punda huipata kwa urahisi zaidi. Kwa sababu hiyo, kutuliza maumivu ya punda si suala la huruma peke yake, kwani hamu ya kula ikirudi mapema, uhai wenyewe huokolewa.

Dawa moja, miili miwili

Dawa zinazotumika zaidi ni zile za kuzuia uvimbe zisizo za steroidi. Hizi huzuia vimeng’enya vinavyotengeneza kemikali za uvimbe na maumivu mahali palipojeruhiwa. Kongwe na rahisi kuliko zote kwa farasi ni fenilibutazoni, ambayo ilianza kutumika kwa binadamu mwaka 1949 na baadaye ikaondolewa katika matumizi mengi ya binadamu kwa kuwa iliweza kuharibu uboho na kuzuia mwili kutengeneza damu. Nyingine ni fluniksini, inayopendelewa katika msokoto wa tumbo, pamoja na meloksikamu, ketoprofeni na karprofeni.

Vipimo vilivyoandikwa kwenye vifungashio vya dawa hizi, kwa kawaida, ni vya farasi. Utafiti wa miongo ya karibuni umeonyesha kwamba mwili wa punda huziondoa fenilibutazoni na fluniksini kwa kasi kubwa kuliko mwili wa farasi. Punda anayepewa dawa kwa ratiba ya farasi hupata nafuu ya saa chache, kisha hubaki na maumivu hadi dozi inayofuata. Kwa meloksikamu tofauti ni kubwa zaidi: ulinganisho uliochapishwa mwaka 2006 ulionyesha kuwa dawa hiyo hutoka katika damu ya punda haraka kiasi kwamba watafiti waliona matumizi yake ya kawaida kwa mnyama huyo hayafai. Karprofeni, kinyume chake, hukaa mwilini mwa punda muda mrefu kuliko mwilini mwa farasi, kwa hiyo kuirudia mapema kunaweza kumlimbikizia sumu. Haiwezekani basi kutunga kanuni moja ya kuongeza au kupunguza dozi kwa dawa zote. Kila dawa inahitaji kupimwa kwa punda mwenyewe. Hali ni hiyohiyo kwa dawa za usingizi: ketamini huisha mapema kwa punda, na mpasuaji asiyelijua hilo hushtukia mnyama anaamka kisu kikiwa bado mkononi.

Dawa hizi zina madhara yake. Huweza kuleta vidonda vya tumbo na vya utumbo mpana, na huharibu figo, hasa za mnyama aliyepungukiwa na maji. Onyo hili la mwisho huchukuliwa kuwa dogo katika vitabu vilivyoandikwa kwa ajili ya nchi za baridi. Kwa punda aliyetembea tangu alfajiri akivuta mkokoteni wa mitungi ya maji ambayo yeye mwenyewe hakuonjeshwa, ndilo onyo kuu. Kumnywesha maji kabla ya kumchoma sindano ni sehemu ya tiba.

Chuma cha moto, barafu na muda

Katika uuguzaji wa farasi hakuna jeraha lililoandikwa sana kuliko lile la kano ndefu ya nyuma ya mguu wa mbele. Kano hiyo hunyooka na kurudi kama kamba ya mpira kila mguu unapokanyaga, na farasi wa mbio huitumia karibu na kikomo cha uwezo wake. Nyuzi zake zinapokatika, mwili huziba pengo kwa nyuzi za aina nyingine zilizo dhaifu na zisizopangika vizuri. Kuzipanga upya huchukua miezi 9 hadi 12, na hata hapo kano hairudii hali yake ya mwanzo.

Kwa karne nyingi tiba ya jeraha hili ilikuwa kuichoma ngozi iliyo juu yake kwa chuma cha moto. Waliofanya hivyo waliamini kwamba moto ungeita damu na damu ingeharakisha kupona. Mwaka 1983 watafiti wa Chuo Kikuu cha Bristol nchini Uingereza walichapisha matokeo ya uchunguzi wao na hawakupata ushahidi kwamba kuchoma kuliiponya kano. Mwaka 1991 chombo kinachosimamia madaktari wa mifugo nchini humo kilitamka kuwa tendo hilo ni kinyume cha maadili ya taaluma. Makovu ya chuma bado huonekana kwa punda, farasi na baghala wa kazi nchini Ethiopia, Afrika Magharibi na sehemu za Asia. Ni vyema kutambua kwamba wanaochoma si wajinga kuliko madaktari wa Ulaya wa karne ya 19. Wanaona kile walichokiona wao. Mnyama aliyechomwa hawezi kufanya kazi, hivyo hupumzishwa, na baada ya wiki kadhaa huonekana amepata nafuu. Sifa huenda kwa moto, ilhali iliyofanya kazi ni likizo.

Tiba zinazofuata zote huzunguka jambo hilo. Katika siku za mwanzo, maji baridi na bandeji ya kubana hupunguza uvimbe. Baadaye mnyama hutembezwa polepole kwa mkono, dakika chache kwa siku, na muda huongezwa kadiri picha za altrasaundi zinavyoonyesha nyuzi zikipangika. Mwendo huo uliopimwa ni wa lazima, kwani nyuzi hujipanga kwa kufuata mvuto zinaoupata. Hospitali zenye uwezo huongeza chembe za damu zilizokolezwa, seli shina, mawimbi ya mshtuko, au mkanda wa kutembelea ndani ya maji. Baadhi ya mbinu hizi zina ushahidi wa kutia moyo, hasa seli shina katika kupunguza kujeruhiwa tena. Kwa tiba ya sindano za Kichina ushahidi bado ni mwembamba. Hakuna hata moja inayofuta haja ya miezi ya subira.

Mawimbi ya mshtuko yanastahili kutajwa kwa sababu nyingine. Yanapopigwa kwenye kano au mshipi wa mifupa, hupunguza hisia mahali hapo kwa siku kadhaa. Shirikisho la kimataifa la michezo ya farasi limekataza kuyatumia katika siku 5 kabla ya shindano, na dawa za maumivu nazo hupimwa katika damu na mkojo wa washindani. Katazo hilo linatokana na ukweli kwamba maumivu ni kinga. Farasi asiyehisi mguu wake huukanyaga kwa nguvu zote, na kano iliyochanika nusu hukatika kabisa, pengine ikamwangusha na mpandaji. Kwa punda wa mkokoteni hakuna anayepima damu. Mwenye punda akinunua sindano dukani asubuhi ili mnyama amalize safari za siku hiyo, amefanya jambo lilelile linalomfungia mpanda farasi milango ya mashindano, na hakuna aliyewahi kumwambia kwamba amekosea.

Barafu nayo ina somo lake. Kuna ugonjwa mkali wa kwato ambapo tabaka zinazouunganisha mfupa na ukuta wa kwato huvimba na kuachana. Mara nyingi hufuata maambukizi makubwa au ulaji wa nafaka nyingi kwa mara moja. Utafiti uliochapishwa mwaka 2004 ulionyesha kuwa kuutumbukiza mguu katika barafu kwa muda mrefu mfululizo, kabla tabaka hizo hazijaharibika, huzikinga kwa kiasi kikubwa. Hata hivyo, baridi inayotakiwa ni kali: kwato ishuke chini ya nyuzi 10 za selsiasi kwa siku mbili au tatu bila kukatizwa. Bahari ya Lamu haishuki hadi huko wakati wowote wa mwaka, na maji ya kisima hayafiki. Mahali ambapo kiwanda cha barafu ya samaki kipo, tiba hii inawezekana. Pasipo na barafu, ni afadhali juhudi zielekezwe kwenye sakafu laini ya mchanga mkavu, dawa ya maumivu yenye ratiba ya punda, na kufungia gunia la nafaka mahali asipolifikia.

Kidonda cha mzigo

Pamoja na yote hayo, kano si tatizo kubwa la punda wa kazi. Tatizo kubwa ni ngozi na kwato. Shogi lisilo na mto wa kutosha husugua uti wa mgongo. Kamba ya nailoni hukata nyuma ya mkia. Nira iliyotengenezwa kwa ng’ombe humkandamiza punda shingoni, kwa kuwa hana nundu ya kuizuia. Ng’ombe husukuma kwa nundu na mabega, punda husukuma kwa kifua. Mkanda mpana wa kifuani wenye kitambaa laini cha pamba au gunia lililokunjwa vizuri huondoa maumivu mengi kuliko chupa nzima ya fenilibutazoni. Kwato nazo zinahitaji kukatwa kila baada ya wiki 6 hadi 10, kwani kwato ndefu hupindisha viungo vyote vilivyo juu yake.

Kidonda kikishapatikana, kuoshwa kwa maji yaliyochemshwa na kupozwa, yakiwa na gramu 9 za chumvi kwa lita, kunatosha katika hali nyingi. Mafuta machafu ya injini na maji ya betri, ambayo bado hupakwa vidondani sehemu mbalimbali, huua nyama hai na kurefusha uponaji. Asali ina ushahidi mzuri zaidi: majaribio kwa farasi yameonyesha kuwa asali iliyotayarishwa kitabibu hupunguza maambukizi ya majeraha. Asali ya sokoni huweza kuwa na vijidudu, kwa hiyo haipaswi kuhesabiwa kuwa sawa nayo. Suala la pepopunda halipaswi kusahauliwa. Lugha yenyewe iliupa ugonjwa huo jina la mnyama huyu, na kwa kweli jamii ya farasi ni miongoni mwa wanyama wanaodhurika nao kwa wepesi kabisa. Chanjo ipo na hudumu, lakini ni nadra kuikuta katika kampeni za chanjo za mifugo, ambazo hupangwa kwa kuwafikiria ng’ombe, mbuzi na kuku.

Mambo yanayohusu sera

Kanuni za kimataifa hazikosekani. Mwaka 2016 Shirika la Afya ya Wanyama Duniani liliongeza katika kanuni zake sura kuhusu ustawi wa wanyama wa kazi wa jamii ya farasi, inayopendekeza kazi isizidi saa 6 kwa siku na mapumziko ya siku moja, ikiwezekana mbili, katika kila siku saba. Tanzania ina Sheria ya Ustawi wa Wanyama ya mwaka 2008, na Kenya ina sheria ya kuzuia ukatili kwa wanyama. Kinachokosekana ni kiungo kati ya sheria hizo na sajili za dawa. Mamlaka inayosajili dawa ya maumivu kwa ajili ya “farasi na punda” kwa dozi moja imesajili, kwa punda, dozi isiyo na msingi. Kudai maelezo tofauti kwa punda, hata yakitokana na tafiti zilizokwisha kuchapishwa, hakugharimu fedha nyingi.

Suala la pili ni nyama. Fenilibutazoni hairuhusiwi kwa wanyama watakaoliwa katika Umoja wa Ulaya, kwa sababu ileile ya uboho iliyoiondoa kwa binadamu. Katika ukanda huu, punda alikuwa nje ya mjadala huo hadi biashara ya ngozi kwa ajili ya dawa ya Kichina iitwayo ejiao ilipoingia. Kenya iliruhusu machinjio ya punda, ikayapiga marufuku mwaka 2020, na mwaka 2021 Mahakama Kuu ikatengua marufuku hiyo. Tanzania ilisimamisha uchinjaji mwaka 2022, na Februari 2024 wakuu wa nchi za Umoja wa Afrika walikubaliana kuzuia uchinjaji wa punda kwa ajili ya ngozi barani kote. Mahali ambapo uchinjaji unaendelea, kwa kibali au kwa siri, nyama huingia sokoni bila mtu kujua mnyama alitibiwa kwa dawa gani wiki iliyotangulia. Katika hali hiyo daktari hujikuta akimnyima punda dawa rahisi inayomfaa ili kumkinga mlaji asiyejulikana, au akiitoa na kutumaini kwamba punda huyo atakufa kwa uzee.

La tatu ni tumbusi. Diklofenaki iliyotumika kwa ng’ombe iliwaua tumbusi wa Asia Kusini kwa sumu ya figo walipokula mizoga, na spishi iliyokuwa ya kawaida kabisa ikapungua kwa zaidi ya asilimia 95. India, Pakistani na Nepali ziliizuia kwa mifugo mwaka 2006 na kuelekeza matumizi kwa meloksikamu, ambayo ni salama kwa ndege hao. Barani Afrika tumbusi huuawa zaidi kwa sumu zinazotegwa kwenye mizoga, lakini tahadhari ya dawa inabaki pale pale. Hapa ndipo ugumu unapojitokeza: dawa iliyo salama kwa tumbusi ndiyo inayotoka haraka mno mwilini mwa punda, ilhali karprofeni, inayokaa ndani yake vizuri, imehusishwa na vifo vya ndege walao mizoga. Kanuni ya kuridhisha ni ya mzoga kuliko ya dawa: punda aliyekufa akiwa chini ya matibabu azikwe au achomwe, na jukumu hilo liandikwe katika cheti cha matibabu.

Kisha kuna siku za mapumziko, ambazo hakuna sajili inayoweza kuziagiza. Kaya yenye punda mmoja aliyejeruhiwa hupoteza maji, kuni au nauli ya soko kila siku anapolala. Mwenye punda huyo anapoambiwa ampumzishe mnyama wiki sita, anaulizwa bila kutamkiwa ni nani atabeba mitungi, na katika maeneo mengi jibu ni mke wake na binti zake. Vikundi vya wenye punda, ambavyo tayari vipo katika miji kadhaa kwa ajili ya kusaidiana mazishi na mikopo midogo, vinaweza kumiliki punda mmoja au wawili wa akiba wa kuazimana. Gharama yake ni ndogo kuliko ile ya kliniki tembezi, na inaweza kuingizwa katika bajeti za mifugo za kaunti na halmashauri. Katika vikundi hivyo, punda wa akiba aandikwe kwenye daftari lilelile linaloandikwa dawa na vidonda, ili anayemwazima ajulikane, na aliyelala aonekane amelala siku ngapi.